Menyu ya Aya: Maandishi ya Umma kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay

Juu ya kisanduku cha kuandikia cha karibu kila mfumo wa kuendesha tovuti kuna safu ya vitufe: herufi nzito, herufi za mlazo, orodha, kiungo, picha. Katikati ya vitufe hivyo kuna menyu ndogo ambayo waandishi wengi huipita bila kuigusa. Ukiibonyeza inashuka na kutoa maneno ya Kiingereza: Paragraph, Heading 1 hadi Heading 6, na mara nyingi Preformatted chini kabisa. Hiyo ndiyo menyu ya mitindo ya aya. Imekuja hivyo kutoka kwa watengenezaji wa programu kama TinyMCE, iliyotoka Sweden mwaka 2004, na CKEditor, iliyoanza mwaka 2003 kwa jina la FCKeditor. Watengenezaji hao hawakumjua ofisa habari aliyeko Mbamba Bay, ambaye kabla ya ofisi kufungwa anatakiwa aweke tahadhari ya upepo ziwani, maazimio ya Baraza la Madiwani na wito wa kikao cha wakulima. Ndiyo maana waliiacha menyu iweze kupangwa upya na yeyote anayesimamia tovuti. Swali ni ipangwe vipi, na nani aipange.

Jibu langu nalitoa mapema. Menyu iwe fupi, iwe ya Kiswahili, na kila jina lililomo litaje kazi ya aya badala ya umbo lake. Sura ya aya hizo, yaani rangi, ukubwa wa herufi na nafasi kati ya mistari, iamuliwe mahali pamoja kwa nchi nzima. Lakini aina za aya zitoke kwa wanaoandika wilayani, kwa kuwa wao ndio wanaojua watu wao wanasubiri kusoma nini.

Nchi ya kahawa na ziwa

Eneo ninalolitazama lina nyuso mbili. Upande wa juu ni milima ya Mbinga, nchi ya Wamatengo, ya kahawa na ya mashamba ya ngolo yanayoshikilia udongo kwenye miteremko mikali. Upande wa chini ni mwambao wa Ziwa Nyasa, kutoka Lituhi kupita Liuli na Mbamba Bay hadi Chiwindi karibu na mpaka wa Msumbiji, ambako riziki ni dagaa, perege, mihogo na mpunga. Mwaka 2012 mwambao huo ulimegwa kutoka Mbinga ukawa Wilaya ya Nyasa. Leo kuna halmashauri tatu: ya Wilaya ya Mbinga, ya Mji wa Mbinga na ya Wilaya ya Nyasa. Lami ya kilomita 66 inaunganisha Mbinga na Mbamba Bay, na kila halmashauri ina tovuti yake.

Tovuti hizo zina familia moja. Mwaka 2017 tovuti za mikoa na halmashauri za Tanzania Bara zilizinduliwa juu ya mfumo mmoja, kazi ya Wakala ya Serikali Mtandao na TAMISEMI kwa msaada wa mradi wa PS3 uliofadhiliwa na Marekani. Wakala hiyo baadaye ikawa Mamlaka kwa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019. Faida ya umoja huo ni kubwa kuliko inavyosifiwa. Mtu wa Liuli aliyezoea kutafuta matangazo katika tovuti ya Nyasa hapati taabu akifungua ya Mbinga kutafuta habari za shamba lake la milimani. Nembo iko mahali pake, orodha ya matangazo iko mahali pake.

Umoja huo unaishia kwenye fremu. Ukiingia ndani ya habari yenyewe, yaani aya, vichwa vidogo na orodha, kila mwandishi anabaki peke yake na kisanduku chake. Mmoja ataweka kila kitu kwa herufi kubwa. Mwingine atatia rangi nyekundu. Wa tatu atachoka na vitufe, atapiga skani barua iliyosainiwa na kuipandisha kama faili la PDF. Hivi ndivyo yanavyofika kwetu matangazo mengi ya umma nchini: picha ya karatasi ambayo simu haiwezi kuipanga upya ienee kiooni wala kuisoma kwa sauti. Ninaamini wengi wanaokimbilia PDF si wavivu. Kisanduku hakikuwapa njia ya kuandika tangazo likaonekana kama tangazo, wakarudi kwenye karatasi, ambako sura yake wanaijua.

Aya zenye sura tangu zamani

Na karatasi ya serikali ina sura kweli. Chukua barua yoyote ya ofisi. Juu katikati, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, kisha Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, kisha jina la halmashauri. Chini yake Kumb. Na., tarehe, anwani ya mpelekewa. Kisha YAH:, kwa herufi kubwa nzito zilizopigiwa mstari. Aya ya kwanza inamwomba msomaji ahusike na somo hilo, na kwa kawaida haina namba. Namba huanzia 2 katika aya inayofuata, ili barua ya majibu iweze kusema, kuhusu aya yako ya 3. Mwisho saini, jina, cheo, na pembeni kushoto Nakala.

Muhtasari wa kikao nao una aya zake: Mahudhurio, Ajenda, Kufungua Kikao, Yatokanayo, Maazimio, Kufunga Kikao. Mtendaji wa kijiji ambaye hajawahi kugusa kompyuta anajua kwamba azimio haliandikwi kama maelezo ya mjadala. Anajua pia kwamba msomaji mwenye haraka anaruka moja kwa moja hadi kwenye maazimio.

Kabla ya ofisi kulikuwa na madhabahu. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilikuwa na kiwanda cha uchapaji Zanzibar tangu enzi za mmisionari wake Edward Steere, na kingine kisiwani Likoma, ng'ambo ya maji kutoka mwambao wetu. William Percival Johnson, aliyefanya kazi ziwani kwa miongo mingi, akatafsiri maandiko na sala kwa Kinyanja na kuzikwa Liuli mwaka 1928, aliwaachia watu wa mwambao vitabu vyenye aya za aina mbili: za kutamkwa na za kuelekeza. Upande wa juu, kwa Wakatoliki wanaohudumiwa na vitabu vilivyochapwa na Wabenediktini wa Peramiho, maelekezo huwa mekundu au ya mlazo, na herufi ndogo pembeni humtenga kiongozi na waamini. Hakuna muumini anayesoma kwa sauti kwamba wote wasimame. Anasimama. Anaitambua aya kwa sura yake, na sura hiyo inambana mchapaji mwenyewe, kwa kuwa hawezi kuipaka wekundu aya nyingine kwa sababu tu ukurasa ule unampendeza.

Ndiyo maana siridhiki ninaposikia kwamba mitindo ya aya ni jambo la mafundi wa TEHAMA. Watu wa Mbinga na Nyasa wamekuwa wakisoma kwa mitindo ya aya kwa zaidi ya miaka mia moja. Kigeni ni menyu inayoita mitindo hiyo Heading 4.

Ndani ya mashine

Wazo la kutenga kazi ya aya na sura yake si jipya kwa kompyuta pia. Brian Reid wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alipokamilisha mfumo wake wa Scribe mwaka 1980, alimtaka mwandishi ataje tu kwamba hiki ni kichwa, hii ni nukuu, hii ni orodha. Sura ilikaa katika faili jingine lililoandaliwa na mtu mwingine. Oktoba 1994 Håkon Wium Lie, Mnorwe aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, alipendekeza utaratibu wa namna hiyo kwa kurasa za wavuti. Ukawa CSS, na toleo la kwanza likapitishwa Desemba 1996.

Vihariri vya ndani ya kivinjari vilikuja baadaye kidogo, na vilikuja kwa njia iliyoivuruga hekima hiyo. Internet Explorer 5.5 ya mwaka 2000 iliruhusu sehemu ya ukurasa wa wavuti ihaririwe papo hapo, kama karatasi. Ghafla kila tovuti ikaweza kuwa na vitufe vya rangi na ukubwa wa herufi, na kila kitufe kilichobonyezwa kikaacha alama yake ndani ya maandishi yenyewe. Kwa miaka mingi vivinjari havikukubaliana hata juu ya Enter: kimoja kilifungua aya mpya, kingine kilivunja mstari tu, cha tatu kiliunda kisanduku kisicho na maana yoyote. Mwandishi aliona kitu kilekile kwenye kioo. Nyuma ya kioo kulikuwa na vitu vitatu tofauti.

Vurugu kubwa zaidi huingia kwa kunakili na kubandika. Hotuba imeandikwa katika Microsoft Word, na ofisa anaibandika katika kihariri. Pamoja na maneno huja mizigo isiyoonekana: aya inaitwa MsoNormal, herufi zinalazimishwa ziwe Times New Roman za ukubwa wa 12, nafasi ya mistari asilimia 150, kingo zote mbili zinyooshwe. Aya ya maneno kumi inaweza kubeba maelekezo marefu kuliko maneno yenyewe. Kwa msomaji anayenunua bando dogo na kusubiri ukurasa ufunguke pale mtandao unapoyumba, mizigo hiyo ni fedha na muda. Na siku mfumo mzima utakapobadilishwa herufi ili zisomeke vizuri kwenye simu, aya ile haitabadilika. Imefungwa kamba na mtu aliyebandika miaka kadhaa nyuma.

Kunyoosha kingo zote mbili kunastahili maneno zaidi, kwa sababu kunaiumiza lugha yetu kuliko lugha zenye maneno mafupi. Kiswahili kina maneno marefu: yaliyowasilishwa, wanaojishughulisha, kilichopitishwa. Kwenye karatasi ya A4 mstari una nafasi ya kutosha na kingo zilizonyooka zinapendeza. Kwenye simu mstari unabeba maneno matatu au manne. Neno refu likishindwa kuingia linarukia mstari unaofuata, na maneno mawili yaliyobaki yanavutwa hadi pembeni huku yakiacha pengo katikati. Macho yanayumba. Ningekuwa na mamlaka ya kuondoa kitufe kimoja tu katika vihariri vyote vya halmashauri, ningeanza na hicho.

Programu zenyewe zimeshatoa njia ya kupanga haya. Katika TinyMCE kuna mstari wa mpangilio uitwao block_formats, ambamo msimamizi anaandika jina analotaka lionekane na alama ya HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, inayolingana nalo: Kichwa cha sehemu kwa h2, Kichwa kidogo kwa h3, Aya ya kawaida kwa p. Kwa aya zenye kazi maalumu kuna style_formats, inayoipa aya jina la ndani ambalo CSS italivika sura. CKEditor ya 4 ilikuwa na format_tags na stylesSet, na tangu toleo la 4.1 la mwaka 2013 ikawa na kichujio kinachotupa kila kitu kisichoruhusiwa, zikiwemo zile kamba za Word. CKEditor ya 5 ilikwenda mbele kwa jambo moja dogo la busara: kichwa cha kwanza katika menyu yake, kwa mpangilio wa kawaida, si h1 bali h2, kwa kuwa h1 ni jina la ukurasa wenyewe na halimhusu anayeandika ndani yake. WordPress, tangu toleo la 5.0 la Desemba 2018, imefanya kila aya kuwa kipande kinachojitegemea, na faili liitwalo theme.json, lililokuja na toleo la 5.8 mwaka 2021, linamwezesha msimamizi kuwafungia waandishi rangi na ukubwa wa kujichagulia. Kazi yote hiyo ni mistari michache ya mpangilio, na fundi anaweza kuimaliza mchana mmoja. Kinachochukua muda ni kukubaliana nini kiandikwe katika mistari hiyo.

Safari tatu za tangazo

Ili kujua nini kiandikwe, inafaa kulifuata tangazo baada ya kutoka kwenye kihariri. Katika mwambao wa Nyasa na milima ya Mbinga tangazo halibaki kwenye tovuti. Linasafiri kwa njia tatu, na kila njia inadai kitu chake.

Ya kwanza ni simu, na anayesoma si lazima asome kwa macho. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inamtambua msomaji asiyeona, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa kila raia haki ya taarifa zilizo mikononi mwa mamlaka za umma. Programu za kusoma kioo kwa sauti, kama NVDA kwenye kompyuta na TalkBack kwenye simu, humruhusu msikilizaji kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Kwenye NVDA anabonyeza herufi H tu. Lakini programu inaruka kwenda kwenye vichwa vilivyotajwa kuwa vichwa. Mstari uliotiwa herufi nzito ukafanana na kichwa, kwake ni aya kama nyingine. Tangazo lenye sehemu nane zilizotengwa kwa herufi nzito linamlazimu asikilize yote tangu mwanzo ili afike kwenye sifa za mwombaji. Na ukurasa usiotangaza kwamba lugha yake ni Kiswahili unaweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza, ingawa sauti ya Kiswahili imo katika eSpeak NG inayokuja na NVDA.

Njia ya pili ni karatasi. Mtu anafungua tovuti steshenari, anachapa, na tangazo linabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji. Printa ni ya wino mweusi. Tahadhari iliyotiwa wekundu ili ionekane zaidi inatoka ya kijivu, yaani inaonekana kidogo kuliko maneno yanayoizunguka. Mtindo uitwao Tahadhari unaweza kupewa sura mbili katika CSS: rangi kwa kioo, na fremu nene nyeusi kwa karatasi. Ofisa hafanyi chochote cha ziada. Amechagua jina la mtindo mara moja.

Njia ya tatu ni WhatsApp, na kwa maoni yangu ndiyo inayosahaulika zaidi na wabunifu wa tovuti. Katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, ananakili maneno kutoka tovutini na kuyabandika katika kundi la wanachama. Rangi, fremu na ukubwa wa herufi vyote vinaanguka njiani. Kinachofika ni maneno matupu. Hapa kuna mtego wa kiufundi: CSS inaweza kuongeza neno mbele ya aya, kwa mfano TAHADHARI au AZIMIO, nalo likaonekana kwenye ukurasa kama sehemu ya maandishi. Lakini neno lililoongezwa na CSS halinakiliki. Likifika kwenye kundi, onyo la upepo wa mwera linasomeka kama maelezo ya hali ya hewa. Kwa hiyo neno linalobeba maana lazima liandikwe ndani ya aya yenyewe, kwa herufi halisi, na kihariri kimsaidie mwandishi kwa kuliweka mara anapochagua mtindo.

Namba za maazimio zinaangukia hapohapo. Orodha ya namba inayojihesabu yenyewe ni nzuri kwa hatua za kujaza fomu. Kwa maazimio ni hatari. Ofisa akiongeza azimio lililosahaulika katikati, la 4 linakuwa la 5, na barua iliyokwishatumwa ikinukuu azimio la 4 inaelekeza kwingine. Namba ya azimio ni jina lake. Iandikwe kwa mkono, kama makatibu wa vikao walivyofanya siku zote.

Menyu yenyewe

Ningeanza kwa kufuta. Preformatted iondoke, iliwekwa kwa ajili ya maandishi ya programu za kompyuta. Heading 1 iondoke, kwa kuwa jina la habari lina kisanduku chake. Heading 4, 5 na 6 ziondoke: habari inayohitaji ngazi tano za vichwa ni ripoti, na ripoti ina mahali pake. Menyu za rangi, aina ya herufi na ukubwa ziondoke zote.

Vinavyobaki vibadilishwe majina. Aya ya kawaida. Kichwa cha sehemu. Kichwa kidogo. Nukuu, kwa maneno ya mkuu wa wilaya, diwani au mkulima, ili yatengane na ya mwandishi. Maelezo ya picha. Azimio. Tahadhari. Kisha mmoja ambao ningeupigania kuliko yote: Mambo ya kujua.

Sababu ya kuupigania ni hii. Habari nyingi za taasisi za umma huanza na jina la kiongozi, cheo chake, mahali aliposimama, na aliyoyasema kuhusu umuhimu wa jambo. Tarehe ya mwisho ya kuleta fomu iko aya ya saba. Mwandishi hakukusudia kuificha. Aliandika kwa mpangilio wa sherehe, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Mtindo wa Mambo ya kujua, unaofungua kisanduku kidogo chenye mistari minne, yaani nini, lini, wapi na nani anahusika, unamuuliza maswali hayo kabla hajachapisha. Akikuta mstari wa lini mtupu atapiga simu kuuliza. Hapo menyu ya aya inaingia katika uandishi wenyewe.

Baada ya hapo ije mitindo ya mahali. Nyasa inahitaji ratiba ya meli: bandari, siku, saa ya kufika, saa ya kuondoka. Meli kama MV Mbeya II zinaposhuka kando ya mwambao, anayesubiri Liuli hataki sentensi ndefu. Anataka mstari wa Liuli. Mbinga inahitaji mtindo wa taarifa za msimu wa kahawa: aina ya kahawa, bei kwa kilo, tarehe ya mnada, chama cha msingi kinachohusika. Mkulima anayelinganisha minada miwili anapaswa kukuta mambo haya manne katika mpangilio uleule kila wiki, simuni na ubaoni. Mamlaka ya Serikali Mtandao haiwezi kuyabuni haya ikiwa Dodoma, na haina haja. Inachoweza ni kuwa na utaratibu wa kupokea ombi la wilaya, kuuvika mtindo mpya sura inayolingana na mingine, na kuupeleka kwa halmashauri nyingine zenye hitaji hilohilo. Ratiba ya meli ya Nyasa ingewafaa pia Ludewa na Kyela bila kubadilishwa hata neno.

Kuna pingamizi nalichukulia kwa uzito. Waandishi watasema wamenyang'anywa uhuru, na kwamba kuna siku tangazo linahitaji kupiga kelele. Ni kweli siku hizo zipo. Kipindupindu kikiingia kijiji cha mwambao, ofisa anataka kila mtu aone. Lakini angalia kinachotokea pale ambapo rangi na herufi kubwa ziko wazi kwa kila tangazo: mnada wa magari chakavu unapiga kelele, bonanza la watumishi linapiga kelele, na kipindupindu kinakosa sauti ya kuwazidi. Tahadhari ikiwa mtindo mmoja, wenye sura moja, na ukitumika kwa nadra, nguvu yake inahifadhiwa kwa siku hiyo. Ningeruhusu hata mfumo umuulize mwandishi anayeuchagua: je, kuna hatari kwa maisha, afya au mali?

Pingamizi la pili ni la kivitendo zaidi, na linawashinda wasimamizi wengi. Menyu ikifupishwa, waandishi hutafuta njia ya pembeni: wanaandika mstari, wanautia herufi nzito, wanaendelea. Vichwa vya bandia vinarudi. Mara nyingi chanzo ni kwamba kichwa halisi, kikichaguliwa, kinatokea kikubwa mno au cha rangi isiyopendeza ndani ya kihariri, hivyo mwandishi anakiona kama kosa na kukiacha. Dawa ni kuunganisha kihariri na CSS ileile ya tovuti, jambo ambalo TinyMCE inalifanya kwa mpangilio wa content_css, ili anachokiona ofisa wakati anaandika kiwe ndicho atakachokiona mwananchi. Kichwa kikiwa na ukubwa wa kiasi hapo hapo kwenye kisanduku, herufi nzito haina tena cha kumvutia.

Lugha za nyumbani zinaleta hitaji jingine. Kimatengo kina irabu saba, na anayetaka kuziandika zote huhitaji alama ambazo kibodi ya kawaida haina. Halmashauri ikiweka simulizi ya wazee au jina la mahali kwa Kimatengo au Kinyasa, aya hiyo ipewe mtindo unaoitaja lugha yake, na herufi za tovuti nzima zichaguliwe kwa kuhakikisha alama hizo zimo. Hilo ni jukumu la anayepanga sura, huko juu. Ofisa wa wilaya asiachwe kuhangaika kutafuta herufi.

Kinachobaki ni nyaraka za zamani, maelfu ya aya zilizokwishaandikwa kwa kila namna. Sipendekezi zisafishwe zote. Zianze zinazosomwa kila siku: fomu, ada, utaratibu wa vibali, sheria ndogo. Habari za matukio ya miaka iliyopita zinaweza kubaki na kamba zake. Na wakati wa kuweka mitindo mipya, fundi atenge majina mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: jina linaloonekana kwenye menyu na jina la ndani linaloandikwa katika HTML. La kwanza linaweza kubadilishwa wakati wowote, wataalamu wa lugha wakipendekeza neno bora au waandishi wa Mbinga wakizoea jina jingine. La pili likishatumika lisiguswe, kwa sababu siku litakapobadilishwa kila Tahadhari na kila Azimio lililoandikwa kabla ya hapo litavuliwa sura yake, na hakuna atakayejua mpaka mtu wa Lituhi afungue ukurasa na kukuta onyo limegeuka aya ya kawaida.